Mwaka Ulioanza Redio Akiwa Kimya

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Redio, na jina hilo lilimkaa kama kofia aliyopimiwa. Alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la mabati, upande mmoja wazi kuelekea barabarani. Ndani mlikuwa na fremu za mbao zilizoegemezwa ukutani, vipande vya sponji vilivyorundikwa hadi karibu na paa, na harufu kali ya gundi iliyomlaki mteja kabla hajakaribishwa. Lakini hata kabla ya harufu, mteja alilakiwa na sauti. Redio aliongea akipima, akaongea akikata, akaongea hata misumari ikiwa imebanwa katikati ya midomo, na watu walishangaa amewezaje kutoimeza miaka yote hiyo. Mtu aliyeleta kiti kilichovunjika mguu aliondoka ameshapewa habari za mpira, hali ya mbao sokoni, na ushauri wa ndoa ambao hakuuomba.

Watu walimpenda hivyo hivyo. Hakuwa na fitina, wala hakusengenya mtu. Ni mdomo tu ulikuwa haujui breki.

Siku ya kwanza ya mwaka ndiyo ilikuwa siku yake hasa. Tangu alipooa, alikuwa ameweka desturi nyumbani kwake: chakula cha mchana kikiisha kupakuliwa, kila mmoja aseme mbele ya wenzake anakusudia kufanya nini mwaka huo. Yeye ndiye aliyeanza, na kwa kawaida ndiye aliyemaliza. Mwaka mmoja alikusudia kufungua duka kubwa la samani lenye vioo mbele. Mwaka mwingine angejifunza kupiga kinanda. Mwaka mwingine angeacha sukari, na siku ya pili yake akaonekana akikoroga chai kwa nguvu ya mtu anayefukia kisima. Mwaka uliotangulia huu tunaousimulia aliazimia kukimbia kila alfajiri. Alikimbia mara moja. Alirudi amekaa nyuma ya baiskeli ya muuza mikate, akiwapungia majirani mkono kama mgeni rasmi, akasema kosa lilikuwa la viatu.

Alipokuwa akimaliza kutangaza mipango yake, wali ulikuwa umeshapoa na wengine walikuwa wanasinzia. Binti yake, aliyekuwa akisomea uuguzi, alisema kwa kifupi kuwa angesoma kwa bidii. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akisafirisha makochi kwa gari lake la mizigo, alisema angependa tu kuuona mwisho wa mwaka. Mkewe alisema, "Mimi nitajitahidi tu," akaanza kukusanya sahani. Miaka ikapita hivyo, na Redio hakuwahi kuona kasoro yoyote.

Kisha sauti ikaanza kumkwama. Mwanzoni ilikuwa mikwaruzo asubuhi, akalaumu vumbi la sponji. Akanywa tangawizi, akanywa asali, akasukutua koo kwa maji ya chumvi mpaka jirani mshona viatu akauliza kama amefungua kiwanda cha mapovu. Mikwaruzo haikuondoka. Ilifika mahali akawa anaanza kisa vizuri, halafu katikati sauti inapotea, midomo inaendelea peke yake. Wateja walicheka wakidhani ni mzaha wake mwingine. Mkewe hakucheka. Alimwambia waende hospitali. Redio akasema kesho, na kesho yake akasema kesho. Mwishowe mkewe alivaa nguo za kutokea, akafunga mlango wa karakana kwa kufuli, akautia ufunguo kwenye mkoba na kusimama barabarani akimsubiri. Hapo Redio akamfuata.

Daktari wa koo alikuwa mwanamke mpole, asiyepandisha sauti hata kidogo. Alimchungulia kwa kifaa chenye taa, akasema kuna kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti na lazima kitolewe. Kingepelekwa maabara kuchunguzwa ijulikane ni cha aina gani. Alilisema hili la mwisho polepole, na mume na mke wote wawili wakaelewa kile ambacho hakukitamka.

Upasuaji ulifanyika mwaka ukielekea ukingoni. Redio alipozinduka, daktari alisimama kando ya kitanda, akamweleza masharti. Asiongee mpaka atakapomruhusu. Asinong'one, kwa kuwa kunong'ona ni kubaya zaidi. Asinyanyue kitu kizito, asije akajikaza koo.

"Mke wako ameniambia wewe ni fundi," daktari alisema. "Basi chukulia ni kitambaa nimekishona sasa hivi. Ukikivuta kabla uzi haujashika, kitachanika palepale, na sina hakika nitaweza kukishona tena."

Redio alikuwa ameshona vitambaa vya kutosha kujua hilo ni kweli. Akaitikia kwa kichwa. Mkewe alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona anakubali jambo haraka namna ile.

Basi siku ya kwanza ya mwaka ikamkuta Redio amekaa mezani kwake, kimya kama maji mtungini. Chakula kikapakuliwa. Watu wakaangaliana. Hakuna aliyejua desturi ile inaanzaje bila yeye.

Shemeji ndiye aliyevunja kimya. Alisema umeme umekatika kwenye redio, kwa hiyo mwaka huu labda watakula chakula kingali moto. Redio mwenyewe alicheka kwa mabega, mkono umeziba mdomo. Binti alisema lake: anakaribia kumaliza masomo, na anakusudia kuomba kazi kwenye wodi ya watoto, japo wenzake wanamwambia ni wodi ya kuvunja moyo. Akaeleza kwa nini. Alieleza kwa kirefu, akasema alivyomwona mtoto mmoja akijifunza upya kushika kijiko, na baba yake akamsikiliza hadi mwisho, akiwaza moyoni kwamba kumbe binti huyu ana maneno, na yameanza lini.

Zamu ikafika kwa mkewe.

"Mimi nitajitahidi tu," alisema, na mkono wake ukaenda kwenye sahani.

Miaka yote, hapo ndipo Redio alipokuwa akidakia. Angesema, naam, mama wa nyumba hii ni jembe, kisha angekumbuka kitu alichosahau kwenye mipango yake. Safari hii hapakuwa na mtu wa kudakia. Mkewe akaacha sahani. Akaitazama, akaisogeza kidogo, akarudisha mkono mapajani.

"Sivyo," alisema. "Lipo jambo."

Wakasubiri.

"Nataka kutengeneza makochi. Sisemi foronya za mito, hizo nimeshona mpaka nimechoka. Kochi zima. Kuanzia mbao. Nataka cherehani yangu itoke chumbani, ikae kule nje kwenye mwanga, na nifundishwe kufunga springi."

Ni kweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa akishona vitambaa vyote vya karakana ile. Alivishonea chumbani, cherehani imebanwa katikati ya kitanda na kabati, taa inawaka mchana kutwa. Redio alikuwa akiingia, anachukua vilivyokamilika, anatoka navyo kwa wateja. Hata siku moja hakuwaza kwamba aliyekaa mle ndani anasikia nyundo inavyogonga nje na anatamani.

"Si wazo la leo," mkewe aliendelea, bila ukali, macho yakiwa kwa mumewe. "Nimewahi kulianza hapa hapa mezani. Ule mwaka wa kinanda. Hukunisikia, baba watoto. Sikukasirika, nilijua hukunisikia."

Redio alitafuta katika kumbukumbu zake, akaukuta ule mwaka wa kinanda wote, na vicheko vyake, na mkewe hakumkuta akisema chochote. Uso ukamwaka. Kwa mara ya kwanza maishani aliona faida ya kukatazwa kuongea, maana yangetoka maelezo marefu ya kujitetea, na katika maelezo hayo jambo lenyewe lingepotea.

Akainuka. Akaenda chumbani. Wakasikia meza ikiburutwa, kisha kishindo, kisha kimya. Mkewe alikimbilia mlangoni, akamkuta ameikumbatia cherehani ile ya chuma, mishipa ya shingo imemtoka.

"Weka chini," alisema. "Daktari amekwambia nini kuhusu vizito?"

Akaiweka. Shemeji aliitwa, akaja akilalamika kwamba hata sikukuu hapumziki, akaibeba cherehani hadi karakana. Redio alimtangulia akimwonyesha kwa vidole: si pale, hapa, karibu na upande wa barabarani, mwanga uingie kutoka kushoto. Alipafagia mwenyewe pale, akapangusa meza, akaleta kiti, akakijaribu, akakikataa, akaleta kingine chenye sponji nene. Mkewe alisimama amejishika kiuno, akitazama. Halafu akakaa, akaweka mguu kwenye kikanyagio, akakikanyaga kidogo, hakuna hata kitambaa. Binti alisema alikuwa hajawahi kumwona mama yake akitabasamu na cherehani.

Kufundisha kazi ya mikono bila kutumia mdomo kuna taabu yake. Redio alitumia chaki ile ya kuchorea vitambaa, akaandika maneno mawili matatu kwenye vipande vya mbao, lakini mara nyingi chaki ilikwenda polepole kuliko kazi. Wakatunga lugha yao. Akigonga nyundo mara moja, sawa. Akigonga mara mbili, fumua, anza upya. Mwanzoni zilisikika mbilimbili kutwa, mpaka mshona viatu wa jirani akaja kuuliza kulikoni. Mkewe hakukata tamaa. Alijipiga vidole, akajichoma na ncha za springi, akafunga kamba kinyume na ilivyotakiwa, akafungua, akafunga. Redio alipoona haelewi alimshika mkono, akauongoza, ili auhisi mvuto wa kamba pale inapokaza na pale inapobembea. Na akagundua kwamba hilo ndilo jambo asilowahi kumfundisha mtu kwa maneno, kwa kuwa halina maneno.

Wateja walipokuja, ilibidi mkewe awapokee. Redio alikuwa na wasiwasi nalo. Alidhani bila porojo zake watu wataona karakana imepooza na watakwenda kwa mafundi wengine. Mkewe hakuwa na porojo. Alikuwa akimkaribisha mtu, anamuuliza anataka nini, halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, mikono imetulia, mpaka yule mtu aseme na la ziada.

Kulikuwa na bibi mmoja wa nyumba ya kona, mwembamba, mfupi, aliyekuwa akileta kiti chake cha kuegemea kila kitambaa kilipochakaa. Redio alikuwa amekishughulikia kiti kile tangu binti yake anatambaa. Alikijua kila msumari. Bibi alikuja wiki zile, akamkuta mke wa fundi, akasema anataka kitambaa kipya kama kawaida, cha rangi isiyoonyesha uchafu.

"Sawa, bibi," mke wa fundi alisema. Akanyamaza.

Bibi akakitazama kiti. "Ni kiti kizuri," alisema. Akapapasa mkono wake. "Ila mwanangu, miguu yangu haifiki chini."

"Haifiki chini?"

"Haijapata kufika. Alikinunua marehemu mume wangu, alikuwa mtu mrefu. Mimi nikikaa naning'inia kama mtoto. Magoti yananiuma, nainuka, nakwenda kukaa jikoni kwenye kigoda."

Redio alikuwa ameinama nyuma ya fremu akipaka gundi. Brashi ilisimama. Mara ngapi alikuwa amekifunika kiti hiki vitambaa vizuri, akamsindikiza bibi hadi kwake akimvunja mbavu kwa vichekesho, na bibi akaenda kukaa jikoni? Alitoka pale nyuma, akachukua msumeno na futi kamba, akapiga magoti mbele ya bibi, akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Bibi aliuliza kama inaruhusiwa kukata kitu cha marehemu. Swali lile alikuwa akijiuliza mwenyewe, maana aliendelea kukipapasa kiti. Mke wa fundi akamwambia marehemu hakukinunua ili yeye akakae jikoni. Bibi alifikiri, akacheka kidogo, akasema kateni.

Wakakata miguu yote minne siku ile ile. Bibi akakaa. Nyayo zake zikatua sakafuni, na akabaki amekaa pale karakana mpaka jua likapinda, akiwatazama wapita njia.

Jioni hiyo Redio alitamani sana kuongea. Alitaka kumwambia mkewe maneno ambayo hata hayakuwa yamekaa sawa kichwani. Hakuweza. Akamchemshia maji ya moto ya kukanda vidole vilivyovimba, akakaa chini, akavikanda kimoja kimoja.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililokuwa likimla ndani kwa ndani, na hilo nalo hakuweza kulisema: majibu ya maabara. Mchana kazi ilimsahaulisha. Alipokaa tu bila kazi, hofu ilimjia. Alijiona hayupo, karakana imefungwa, mbao zinaliwa na wadudu. Zamani angeifukuza hofu kwa kelele. Sasa ilibidi akae nayo kama mtu anayekaa na mgeni asiyeaga. Mkewe aliijua bila kuambiwa. Alipomwona ameganda na chaki mkononi alimsogelea, akamwekea kazi mbele: nishikie hapa, nivutie huku. Naye akashika, akavuta.

Siku ya majibu walikwenda wote wawili. Walikaa kwenye benchi la korido, watu wengi, mtoto wa mtu analia mahali fulani. Mkewe, ili wasikae na mawazo, alikuwa akimsimulia kazi mpya iliyoingia. Kinyozi wa mtaa wa pili alikuwa anataka benchi la wateja wanaosubiri, lakini alitaka lisiwe na raha sana, kwa sababu mabenchi ya raha huvuta watu wasionyoa. Kwa hiyo yeye alikuwa amefikiria kitu, sponji gumu chini na juu yake...

Muuguzi akaita zamu yao.

Daktari hakuwaweka roho juu. Kabla hawajakaa vizuri alisema kinyama kile hakikuwa na ugonjwa wowote mbaya. Kilikuwa kimetokana na kuitumikisha sauti kupita kiasi, basi. Kidonda kimepona vizuri. Mkewe alishusha pumzi ndefu, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaomba radhi kwa daktari, na daktari akasema hakuna haja ya radhi. Redio aliishika meza kwa mikono miwili.

"Sasa sema kitu," daktari alisema. "Taratibu, kwa sauti ya kawaida. Chochote."

Redio alikuwa ameandaa mizaha mingi ya siku hiyo. Alikuwa ameipanga na kuipangua kitandani wiki nzima, ipi itamchekesha daktari zaidi. Alifungua mdomo, akamgeukia mkewe. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Malizia ile habari ya benchi," alisema.

Mkewe alimwangalia, halafu akaimalizia, pale pale, daktari akisikiliza. Sponji gumu chini, jembamba juu, mgongo ulionyooka. Daktari akasema hata yeye angependa mabenchi kama hayo kwenye korido yake.

Sauti ya Redio haikurudi ilivyokuwa. Ilibaki ya chini, na daktari alimtaka aitumie kwa kiasi. Shemeji anasema redio imepunguzwa tu, haijazimwa. Anaongea bado, tena visa vyake vimekuwa vitamu zaidi kwa kuwa sasa inabidi achague. Kuna wakati anajisahau, anapanda na kisa hadi juu, na mkewe kutoka kwenye cherehani anagonga mkasi mezani mara mbili. Anashuka.

Siku moja wakipakia kochi kwenye gari, shemeji alimuuliza: mwaka huu wewe hukusema nia yako, au umesamehewa kwa sababu ya ugonjwa? Redio alifikiri huku akikaza kamba. Akasema mwaka huu nia yake ilisemwa na mtu mwingine, na ndiyo nia ya kwanza anayoiona ikitimia nyumbani kwake tangu aoe. Akaongeza kwamba anamshukuru Mungu kwa sauti yake, ile nzima ya zamani na hii iliyobaki.

Kochi lenyewe lilikuwa la mkewe. Alilianza kwenye mbao, akaunga fremu, akafunga springi, akashona, akapigilia. Redio alimshikia tu pale mikono miwili ilipokuwa haitoshi. Liliagizwa na walimu wawili waliooana karibuni, rangi ya majani mabichi. Kabla ya kulipakia, Redio na mkewe walilikalia, maana kochi halitoki karakana halijakaliwa. Ilikuwa alasiri, barabara imejaa watoto wanaotoka shule, chai ipo juu ya kipande cha mbao. Walikaa bega kwa bega, wakajiegemeza, wakasikiliza. Redio alipapasa mshono wa mkono wa kochi kutoka mwanzo hadi mwisho, akaurudia.

"Mstari wako umenyooka kuliko wangu," alisema. "Ahsante, mama."

Mkewe alikunywa chai. Akajisogeza kidogo kulia, akarudi kushoto, sikio limeinama.

"Inuka kwanza," alisema. "Upande wako kuna springi inalia."

Wakainuka wote, wakalipindua kochi, wakaanza kuitafuta.